Ndege Niliyoiangusha Mazingara

Nyie mnaokuja kusaga hapa mnanitania kila siku, "Kapteni, leo tutafika salama?", na mimi nacheka na nyie kwa sababu sina pa kuuweka uso, lakini kisa chenyewe hamkijui, mnakijua kwa kusimuliwa na watu ambao siku ile walikuwa wameinamia pilau wala hawakusikia vizuri. Basi leo nawaeleza mwenyewe. Ni aibu, tena iliyonikuta nimeoga, nimependeza, kanzu imepigwa pasi, na kama mnataka kucheka chekeni mapema, maana huko mbele hakuchekeshi.

Kelele za mashine hii mnazijua, ukishinda nazo kutwa unatoka hapa umezubaa akili, ndiyo maana nilinunua hedfoni kubwa za mtumba (upande mmoja nimeufunga kwa gundi, mnaniona nazo). Mwanzoni nilikuwa nasikiliza taarabu na mpira kama binadamu wengine, mpaka siku moja kidole kikateleza nikaangukia podikasti ya marubani wawili wastaafu, wazee wa Kizungu, wanabishana kuhusu mawingu. Nikanasa. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa kimeota kutu, lakini wale wazee wanaongea taratibu na kurudiarudia kama wazee wa popote pale, nikawa naambulia nusu, baadaye zaidi ya nusu, mwisho nikawa mtu wa kuudhika kipindi kikichelewa kutoka. Kutoka kwao nikahamia kwa mama mmoja aliyekuwa anaongoza ndege akiwa mnarani, nikaja kwa jamaa anayerusha vindege vidogo vya kutua kwenye majani, na mwisho nikaifikia ile ya uchunguzi wa ajali, ambapo wanaichambua ajali toka abiria wanapofunga mikanda mpaka mwisho wenyewe.

Mtu akipenda kitu anataka kila mtu akipende. Ukija na debe lako la mahindi unaondoka na unga na podikasti. Kijana anayeota urubani nilimpa ya yule mama wa mnarani, izoeze sikio lake lugha ya redio. Mwenye kupenda tu kuinua macho ndege ikipita nilimpa wale wazee wawili, hawachoshi. Anayetaka kusisimka nilimpa ya ajali, ila kwa mwenye hofu ya kupanda nilikuwa nakataa kabisa, nasema hiyo usiiguse, anza na wazee. Nilikuwa natoa dawa kama daktari. Na mimi mwenyewe, jamani, ndege sijapanda hadi leo.

Tulikuwa na kakundi ketu kwenye simu, wapenda ndege wachache tu, mwalimu mmoja wa Bungu ndiye aliyekuwa mchangamfu kuliko wote, wengine wa Handeni mjini, tunatumiana vipindi na kubishana. Humo ndani mimi ndiye nilikuwa bingwa, na ubingwa ni kitu kitamu, tuusemeane ukweli.

Sasa huko Mazingara nilikuwa na shangazi yangu, Mwantumu, dada wa marehemu baba. Wazazi wangu walipoondoka nikiwa mdogo yeye ndiye aliyenichukua, akanilea pamoja na mwanaye wa pekee, Zaina, na hakuna siku aliyonifanya nijione nimeletwa. Maisha yake yote alikuwa na haja moja, Hija. Ufuta ukiuzwa anaweka kidogo, ndama akikua anauzwa anaweka kidogo, mumewe akafa wakiwa bado wanaweka, yeye akaendelea peke yake. Mwaka huo jina lake likatoka katika msafara wa watu wa kwetu, na hapo ndipo hofu ikamshika, kwa sababu kitu cha juu kabisa alichowahi kupanda maishani ni trekta.

Akaniita. Nikaenda, nikampa shikamoo, akanikalisha chini jikoni kwake akiwa anapepeta mchele, akaniambia nimweleze ukweli kuhusu hiyo ndege, maana atakuwa juu na chini yake hakuna kitu, na watu wengine wanamdanganya kwa kumhurumia. "Wewe ndiye unayeijua," akasema. "Ukiniambia nipande, nitapanda."

Nilivimba kichwa, siwafichi. Nikamwambia zipo podikasti nzuri za kuwatoa watu hofu, halafu nikakumbuka zote ni za Kiingereza, nikasema basi nitazigeuza mimi mwenyewe kwa Kiswahili. Kuanzia hapo kila nikizima mashine jioni nakaa juu ya gunia, najirekodi kwenye simu, natuma kwa Zaina amchezee. Nikamweleza mlio wa magurudumu yanapoingia tumboni mwa ndege, asije akadhani kitu kimekatika. Nikamweleza kwa nini bawa linapindapinda. Nikamwambia kutikisika mawinguni ni kama trekta kwenye matuta, unarushwarushwa lakini trekta halivunjiki. Zaina akawa ananipigia kunieleza kuwa mama anasikiliza kila siku baada ya alasiri, na sasa wanakuja na wanawake wengine wa msafara ule kutoka vijiji vya jirani, wanakaa kwenye mkeka wanaizunguka simu. Shangazi akaanza kulala usingizi. Akiulizwa kama haogopi anajibu mwanangu amesema.

Zile rekodi nilikuwa pia nazimwaga kwenye kundi letu la wapenda ndege, kwa sifa tu. Wakazifurahia. Na hapo ndipo yule mwalimu wa Bungu akaniomba, kwa kuwa wapo ambao Kiingereza kinawashinda, niwasimulie na ile ya ajali iliyokuwa imetoka wiki hiyo. Nikasema hilo tu? Nikajirekodi. Nikaipamba. Kengele za hatari nikazipiga kwa mdomo wangu, sauti ya rubani nikaiigiza, ya msaidizi wake nikaiigiza, nikamalizia na maneno yangu ya kuwachekesha jamaa. Nikatuma kwenye kundi, ikakaa hapo chini kabisa, ikifuatana na ile ya Shangazi ya namna ndege inavyoruka.

Siku ya dua ya kumuaga ikafika. Mnajua kwetu mtu akienda Hija haondoki kimyakimya, anakusanya watu, inasomwa dua, halafu yeye mwenyewe anasimama kuomba radhi kwa kila aliyemkosea, kwa sababu anaweza asirudi, na watu nao wanampa haja zao akawaombee huko. Wanaume tulikuwa mbele ya nyumba chini ya turubai, wanawake uani, katikati limefungwa turubai lingine la kutenganisha. Spika na mashine yake zilikuwa uani, maana wasichana wa madrasa ndio waliokuwa wanasoma kaswida.

Shangazi akashika kipaza sauti. Hatukumwona, tulimsikia tu. Akaomba radhi kwa majirani, akaomba radhi kwa wakwe, akaomba radhi kwa Zaina kwa ukali wake, mwisho akasema, na Athumani wangu kama nilikula haki yako ya yatima bila kujua unisamehe. Wazee walikuwa wanajifuta machozi. Mimi nililia, sina cha kuficha.

Pilau likagawiwa. Wakati watu wanakula, Ustadhi wa msafara akasema kwa sauti kwamba amesikia habari za masomo ya ndege ya kijana wa Mwantumu, kwa nini wote waliopo wasiyasikie, na wale mahujaji wengine wapate moyo. Watu wakageuka kunitazama. Nikajifanya kuona haya (uongo mtupu, nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni). Simu ya Zaina ilikuwa imezima kwa kupigia picha tangu asubuhi, kwa hiyo ikabidi itumike yangu. Nikaiunganisha na spika hewani, bila waya. Sasa badala ya kuingia mazungumzo yangu na Zaina na kutafuta, nikaona nifungue lile kundi letu, kwa sababu pale rekodi ya kuruka ilikuwa karibu, sio ya kupekua. Huo ndio uamuzi wangu. Nikabonyeza, nikampa mtoto wa kike ampelekee Zaina uani aiweke karibu na spika, nikarudi kwenye sinia langu.

Ikaanza vizuri. Sauti yangu inatoka imenona, "Shangazi, sasa tumefunga mikanda", watu wanatikisa vichwa, mzee mmoja akanisogezea nyama. Rekodi ikaisha, wakasema mashallah. Nikajua imekwisha. Nilisahau kwamba kwenye kundi sauti zikifuatana, ikiisha moja inaingia nyingine yenyewe.

Nilichosikia ni kengele. Tii, tii, tii. Kengele ya mdomo wangu.

Tonge lilinibaki mkononi. Watu wakadhani ni mwendelezo wa somo, wakatulia wasikilize, na sauti yangu ikaanza kueleza kwa raha zote namna rubani alivyogundua kwamba ndege haimsikii tena, na abiria nyuma hawajui kitu, wengine wanakunywa chai, wengine wamelala. Nikaruka nikakimbilia lile turubai la kati. Nikafika nikasimama. Wanawake kule ndani walikuwa wanakula, mashungi yamewekwa pembeni, kuna wakwe humo, kuna mke wa Ustadhi, na mimi nimelelewa na huyohuyo Shangazi kwamba mwanaume hapiti pale mpaka aseme hodi na akaribishwe. Nikasema hodi. Hodi yangu ikamezwa na sauti yangu. Nikaita Zaina, zima. Baadaye Zaina aliniambia alikuwa ameishika simu tangu kengele ya kwanza, ila ilikuwa imejifunga na inataka kidole changu, akaenda kwenye mashine akazungusha kitufe cha kwanza alichokiona, na ndiyo ile mliyosimuliwa kwamba ndege ilizidi kelele kadiri ilivyoshuka. Fundi wa spika alikuwa nyuma ya banda na sinia lake.

Kwa hiyo nilisimama pale, mkono mmoja umeshika turubai, mwingine una mafuta ya pilau, nasema hodi, hodi jamani, huku mimi mwingine nikiiteremsha ndege mbele ya mahujaji. Nikaigiza rubani anavyomuomba Mungu. Nikaigiza kimya. Halafu yakaja yale maneno yangu ya kuwachekesha jamaa, yakatoka kwenye spika yakafika mpaka barabarani:

"Ndiyo maana nasema, jamani, kusikiliza raha, kupanda shughuli. Mimi hata mnilipe sipandi."

Na kicheko changu juu yake.

Fundi alifika akachomoa waya wa umeme. Nikasikia mtoto analia uani na mama mmoja anasema lahaula, lahaula. Ustadhi akajaribu, akasimama akaanza kueleza kwamba ajali ni kadari na mauti ya mtu yanaweza kumkuta hata kitandani, maneno ya kweli kabisa, lakini yalikuwa yanapita juu ya vichwa vya watu. Zaina akatoka akanipa simu yangu imefunikwa na khanga, hakunitazama.

Nyuma yake akatoka Shangazi. Alikuwa amevaa lile vazi jeupe alilolishonesha kwa safari, amelivaa watu walione. Akaja mpaka pale niliposimama, na wanaume wote wanatazama.

"Athumani, kumbe na wewe unaogopa?"

Nikamwambia Shangazi, yale yalikuwa maneno ya kuchekesha watu.

"Sikukuuliza hilo," akasema.

Nilikuwa na jibu moja tu na nilikuwa naliona aibu mbele za watu wale. Akarudi ndani.

Siku ya safari gari la mahujaji lilitoka Korogwe likaja kumchukua Mkata. Nilikwenda naye na Zaina, mimi ndiye niliyebeba begi lake, sikudiriki kumbebesha mtu mwingine. Njia nzima hakunisemesha vibaya, alikuwa anavuta tasbihi tu. Gari likasimama, wenzake wakamwita kwa madirishani, wauza machungwa wakasogea kutazama. Akaweka mguu kwenye ngazi ya gari. Akausimamisha hapo muda mrefu, dereva akaanza kuangalia kioo, Ustadhi akashuka akamsihi kwa upole, akamwambia Mama Zaina, hii ni nafasi uliyoingoja umri wako wote. Kisha akaushusha mguu chini.

"Nendeni salama," akawaambia. "Mniombee na mimi huko."

Gari likaondoka. Mimi nimeshika begi. Machungwa yalikuwa yananuka pale, na tangu siku hiyo harufu ya chungwa inanikera, mniwie radhi nyie mnaoniletea zawadi.

Hapo ningeweza kusema kisa kimeisha, na ningekuwa nimebaki na aibu ya kawaida tu, ya kutaniwa mashineni. Wenzake walikwenda na wakarudi salama wote, wakamletea zamzam na tende. Lakini mimi nilifanya jambo la pili ambalo hamlijui. Nilirudi hapa Masuguru na sikukanyaga tena Mazingara.

Si kwamba sikuitwa. Zaina alipiga simu, mama anakuita. Nikasema mashine imekufa, nangoja kifaa. Akapiga tena, mama anakuulizia, ana neno na wewe. Nikasema ni msimu wa mavuno, foleni ya watu imefika barabarani. Mtu akitoka kule kuja Korogwe ananipitia, shangazi yako anasema uende, na mimi namfungashia sukari, nampa salamu nyingi, namwahidi Ijumaa, na Ijumaa inapita. Idi ikafika nikatuma kitenge. Nilikuwa naogopa. Kila nikifikiria kwenda namwona amekaa jikoni na ungo wake, ananiuliza lile swali lake, na safari hii amepata muda wa kuliandaa vizuri. Nilisema moyoni acha zipite siku, hasira ipoe. Podikasti nikaziacha, kwenye lile kundi nikajitoa, nikawa nasaga na kelele zangu kichwani.

Masika ikaingia. Asubuhi moja Zaina akapiga, nikaiangalia simu mpaka ikakatika. Akapiga tena nikapokea, nikiwa nimeshaandaa uongo wa mashine. Akasema mama ametangulia. Homa, halafu presha, zilimshika pamoja, hata hospitali hawakufika naye.

Nilifika wakati wanamkafini. Kaburini mimi ndiye niliyeshuka kumpokea, kwa kuwa mtoto wa kaka ni maharimu wake, asiyeweza kumuoa, na mtoto wa kiume hakuwa naye, nikamshika mikononi mwangu, mwepesi, sikujua kama alikuwa amekuwa mwepesi kiasi kile. Kama kuna mtu aliniona nachelewa kutoka, sababu ndiyo hiyo. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua naanza wapi, na watu walikuwa wanangoja na majembe.

Hitima ilipokwisha, watu wametawanyika, nikamfuata Zaina jikoni. Nikamwambia najua mama aliondoka na kinyongo na mimi, na kwamba alikuwa na haki, na kwamba niliogopa kuja kugombezwa. Zaina akaacha kuosha vyombo. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Kugombezwa na nani?" akaniuliza. "Mama alikuwa ameshaongea na Ustadhi, ameuza ng'ombe waliobaki wote, kakuandikisha na wewe. Alisema yule ni maharimu wangu na anaogopa kama mimi. Tukae kiti kwa kiti, kila mlio aniambie ni wa nini."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hivyo kwenye simu. Akasema, mama alitaka kukuambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, alitaka akuone utakavyofurahi.

Zile fedha, Ustadhi alisema zitumike kumtafutia mtu wa kumhijia, maana nia alikuwa nayo, na mtu huyo lazima awe ameshahiji kwanza kwa ajili ya nafsi yake. Kwa hiyo hata hilo sikuweza kumfanyia. Kachaguliwa mzee mmoja mcha Mungu, nasikia kaifanya vizuri.

Podikasti nimezirudia, mnaniona na hedfoni, na mkiniuliza nitawaelekeza, wale wazee wawili bado wapo na bado wanabishana. Kusimulia ajali za watu kwa kicheko nimeapa sitarudia, lakini hilo ni dogo, hata mtoto angejifunza. Kinachoniuma ni lile lingine. Mtu uliyemkosea akikuita, ndugu zangu, usikae kupanga atasema nini, funga mashine uende siku hiyohiyo. Mimi mwaka mzima nilidhani naitwa kugombezwa, kumbe naitwa Makka.